Kichupa cha kushushia pH: nimekitumia miezi minne, soma kabla hujatoa hela

Wakuu, hii rivyuu nilitakiwa niiandike mapema ila nilikuwa bado na hasira, sa hivi zimepoa kidogo ndo nimekaa kuandika. Ni kuhusu vile vichupa vya kushushia pH ya maji ya samaki (pH ni kipimo cha asidi kwenye maji, 7 ni katikati, namba ikishuka ndo asidi imeongezeka), vile vya mililita 250 vyenye maji meupe yasiyo na rangi, vinauzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo, mi changu nilinunua elfu 18. Jina la kampuni nalihifadhi na duka pia nalihifadhi, maana tatizo siyo wao peke yao, vichupa vya namna hii vyote ndani ni asidi tu iliyochanganywa na maji, kinachotofautiana ni lebo.

Naanza na hali ilivyokuwa. Nakaa Kigamboni, maji yangu ni ya kisima, na wanaokaa huku wanajua maji yetu yalivyo, birika la chai baada ya mwezi ndani limekuwa jeupe chokaa tupu, sabuni haitoki povu hadi ukasirike. Chini yetu huku ni mawe ya matumbawe ya zamani kwahiyo maji yanapita kwenye chokaa kabla hayajafika kwenye pampu. Nikanunua tangi la lita 200, nikaweka samaki wa mapambo, enjeli sita na gapi kadhaa, nikapima pH ikaja 8.2. Nikaingia mtandaoni kusoma, kila mahali wanasema enjeli asili yake ni mto Amazoni huko, maji laini, pH 6.5 mpaka 7. Nikachanganyikiwa. Samaki wenyewe walikuwa wanakula vizuri, wanaogelea, rangi safi, hawana shida yoyote ila mi nishaona namba haifanani na ya kwenye maandishi basi nikaona nina mgonjwa ndani. Hapo ndo kosa la kwanza, na hilo ni langu siyo la kichupa.

Nikaenda dukani, jamaa akanipa kichupa akaniambia "kifuniko kimoja kwa lita 40 bosi, jioni ukimaliza kuwalisha". Sawa. Lita 200 ni vifuniko vitano. Siku ya kwanza nikamwaga, nikasubiri dakika kumi, nikapima, 7.0! Asee nilifurahi nikaipiga picha ile rangi ya kwenye kitubu cha kupimia nikaweka status. Kwahiyo kama swali lako ni je inafanya kazi, ndio, inafanya kazi, na haraka. Nyota zote tano kwa dakika kumi za kwanza.

Ila niliona kitu nikakipuuza. Wale samaki baada ya muda mfupi walipanda juu wote wakawa wanahema pale kwenye usawa wa maji, midomo inafunguka funguka. Nikadhani wanataka chakula. Kumbe asidi ikikutana na maji ya chokaa kama yetu inatoa hewa ya kaboni, ileile ya kwenye soda, maji yanajaa hiyo hewa na samaki anashindwa kupumua vizuri mpaka itoke. Na hiyo hewa ikitoka, pH inapanda tena. Asubuhi nikapima, 8.0. Nikasema labda nimekosea. Jioni vifuniko vitano tena, 7.0. Asubuhi 8.0. Hivyohivyo siku tano mfululizo, yaani samaki wangu walikuwa wanapandishwa na kushushwa kama lifti ya hospitali. Na hiyo pH msiione namba ndogo, kila namba moja ni mara kumi, kutoka 8 kwenda 7 maji yamekuwa na asidi mara kumi zaidi, samaki mzima unamfanyia hivyo kila siku.

Nikarudi dukani kulalamika. Jamaa hakuuliza maji yangu ni ya wapi, hakuuliza ndani ya tangi nimeweka nini, akasema "ongeza kifuniko kingine bosi, hiyo dawa haina madhara". Nikaongeza.

Sasa siku moja nasafisha tangi nikatoa makombe. Sijasema, chini ya tangi nilikuwa nimepanga makombe na mchanga mweupe wa pwani, pazuri kweli, niliokota mwenyewe na wanangu. Nikaweka kombe moja kwenye kisosi, bahati mbaya (au nzuri) kifuniko kilikuwa na matone yamebaki nikayamwagia juu. Likaanza kutoa povu. Yaani ssssss kama umemwaga soda, vipovu vidogo vidogo vinatoka kwenye ganda, baada ya muda ukipitisha kidole pale unasikia pamekwaruzika, pamekuwa kama chaki. Nikabaki naangalia tu. Wiki tatu nzima nilikuwa namwaga asidi ya hela kwenye tangi lililojaa chokaa, asidi inakula makombe, makombe yanarudisha chokaa kwenye maji, mi nanunua kichupa cha pili.

Hapo ndo nikaanza kusoma vizuri nikakutana na hii kitu inaitwa KH, na ndo kiini cha rivyuu yangu yote, kama utasahau mengine kumbuka hii. KH ni kipimo cha ile chokaa iliyoyeyuka inayopigana na asidi kwenye maji. Ichukulie kama kibubu. Ukimwaga asidi, inakula kwanza hela za kwenye kibubu, pH inayumba kidogo halafu inarudi palepale maana kibubu bado kina kitu. Unakula, unakula, unaona hakuna mabadiliko, unaongeza. Siku kibubu kikiisha, pH haishuki taratibu, inaporomoka. Kwenye kichupa changu hakuna hata herufi moja inayotaja KH, na duka halikuwa na kipimo chake. Unauziwa panga bila ala.

Mimi nilivyojua hayo ningeacha, lakini bado nilikuwa nataka ile 7 yangu. Nikatoa makombe yote na mchanga, nikaweka mchanga wa mto, nikabadilisha maji mengi nikaweka ya boza maana yule wa boza huwa anachota maji ya bomba, ya mtoni, malaini zaidi kuliko ya kisima changu. Nafikiri mnaona inapoelekea. Kibubu kimekuwa kidogo sana sasa ila dozi nimeacha ileile ya vifuniko sita. Halafu nikapata safari ya Morogoro siku nne. Nikamwachia mdogo wangu maagizo, lisha asubuhi, jioni weka vifuniko sita. Na yeye ni mtu wa kufuata maagizo, hajawahi kufuata kitu vizuri maishani kama alivyofuata hicho.

Narudi, samaki wako chini kwenye kona, wamebana mapezi, hawali. Napima pH, kitubu njano kabisa, ile ya mwisho, 6.0, na kipimo changu hakishuki chini ya hapo kwahiyo inawezekana ilikuwa 5 au chini zaidi. Nikapaniki. Nikafanya kile ambacho yeyote angefanya, nikafungua bomba la kisima nikabadilisha nusu ya maji palepale. Saa mbili usiku enjeli wawili wamelala ubavu. Saa nne wanne. Asubuhi alikuwa amebaki mmoja na gapi wachache.

Sikuelewa kabisa kwanini wamekufa baada ya mimi KUREKEBISHA maji, wakati kwenye asidi walikuwa hai. Nimekuja kuelewa baadaye na hii naomba mwenye tangi aisome mara mbili. Wale bakteria wa kwenye filta wanaokula uchafu wa samaki, maji yakiwa na asidi sana wanazubaa, kazi haifanyiki. Kwahiyo zile siku nne amonia, yaani huo uchafu wenyewe, ilikuwa inajikusanya. Lakini kwenye maji ya asidi amonia inakaa kwa umbo ambalo halimdhuru sana samaki. Kwa joto letu la nyuzi 28, pH ikiwa 7 amonia yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya yote iliyopo, pH 8 inakuwa kama asilimia 6 au 7, pH 9 inakaribia asilimia 40. Amonia ileile, kiasi kilekile, ila pH ndo inaamua kama ni sumu au siyo. Mi nilipomwaga maji ya kisima nikapandisha pH kwa dakika chache, nikaigeuza yote iliyokuwa imelala ikawa sumu. Yaani niliwaua mimi kwa ndoo, siyo mdogo wangu, na nilishamgombeza mtoto wa watu, ikabidi nimnunulie chips kuku kumwomba msamaha.

Ukikuta imeshaporomoka kama yangu, usikimbilie kubadilisha nusu ya maji. Acha kuweka asidi, acha kulisha, pima amonia, halafu badilisha kidogo kidogo, ndoo moja leo nyingine kesho, pH ipande taratibu.

Basi, kichupa. Nyota mbili. Moja kwasababu kweli kinashusha, ya pili kwasababu kifuniko chake kinafunga vizuri na nina watoto ndani.

Sasa kuna watu wataniambia mbona kuna za bei rahisi, na kweli nimezijaribu au nimeona wenzangu wakizijaribu, nisimulie kwa kifupi.

Maji makali ya fundi betri. USIJARIBU. Ni asidi ya salfuriki, ndiyo, na vichupa vingine vya dukani navyo ndani ni salfuriki hiyohiyo ila nyepesi, jamaa wa betri akaniambia "ni kitu kimoja tu kaka". Siyo kitu kimoja. Kwanza ni nzito sana, tone likidondoka kwenye suruali baada ya kufua unakuta tundu. Pili ukipewa yaliyotoka kwenye betri ya zamani yana risasi ndani, ile risasi ya metali, na kama samaki ni wa kula basi unajilisha mwenyewe.

Ndimu ya unga na siki, hivi vya jikoni. Nilijaribu ndimu ya unga kwenye ndoo pembeni, inashusha vizuri tu, lakini baada ya siku mbili tatu maji yakawa na ukungu mweupe na pH imerudi juu. Bakteria wanaila ile ndimu kama chakula, wanazaana, wanamaliza hewa ya oksijeni, na wakishaila chokaa yako inarudi kama ilivyokuwa. Siki ni hivyohivyo. Weka kwenye kachumbari.

Asidi ya swimming pool hii naiongelea kidogo zaidi maana nina bwawa pia. Bwawa langu ni la saruji, mita 3 kwa 2, kina mita moja, kwahiyo lita elfu 6, lina sato. Hii asidi ni hidrokloriki, madumu mengi yameandikwa asilimia 33 au karibu na hapo, na kwa bei ya kichupa kimoja cha dukani unapata lita kadhaa. Hesabu yake ni hivi, kushusha KH daraja moja tu kwenye lita 1000 unahitaji kama mililita 34. Maji yangu KH ni 14, nikisema niishushe ifike 10 kwenye bwawa lote ni daraja nne mara sita mara 34, mililita mia nane na kitu. Inawezekana, siyo hela nyingi. Swali ni kwanini ufanye hivyo. Saruji yenyewe ni chokaa, asidi itaanza kula kuta za bwawa, na sato hana habari na hiyo pH, kuanzia 6 mpaka 9 huyo anaishi anazaa anakua. Nilipiga hesabu yote hiyo usiku kwenye karatasi, asubuhi nikaichana.

Na kitu kingine cha bwawa, saa unayopima. Nilipima saa kumi jioni nikapata 8.8, nikataka kulia, kesho yake nikapima alfajiri 8.0. Bwawa langu lina maji ya kijani, ule ukijani mchana unavuta ile hewa ya kaboni na pH inapanda, usiku inarudi. Ukimwaga asidi saa kumi jioni kupigana na 8.8, unakisaidia kitu ambacho usiku kitajishusha chenyewe, na alfajiri ndo samaki wanakutana na shida mbili kwa pamoja, asidi yako na huo mshuko wa usiku. Kama jioni inapanda sana, punguza chakula na mbolea au weka kivuli.

Sehemu pekee niliyoona asidi ya pool imefanya kazi ya maana ni kwa jirani yangu, amejenga bwawa jipya la saruji, saruji mbichi inatema chokaa pH inapita hata 10, ukiweka samaki wanakufa. Yeye hakumwaga kwenye maji ya samaki, aliosha kuta bwawa likiwa tupu, ndoo ya maji sehemu kumi asidi sehemu moja, akasugua kwa brashi ya mti mrefu, akasuuza, akajaza maji akaacha wiki, akayamwaga, akajaza tena. Kwa kazi hiyo nampa nyota nne huyo dumu. Ila hata bila asidi, kujaza na kumwaga mara tatu nne na uvumilivu kunafika hukohuko.

Kama lazima uishike hiyo asidi: maji kwanza kwenye ndoo ya plastiki halafu asidi juu yake, usigeuze, ukimwaga maji kwenye asidi inachemka inakurukia usoni. Glavu, miwani, nje kwenye upepo, siyo stoo. Na isikutane na JIK hata kwa bahati mbaya, hata kwenye ndoo uliyoosha kwa JIK hujasuuza, inatoka gesi ya klorini, hiyo siyo ya samaki tena hiyo inakuua wewe.

Majani ya mkungu haya nayapenda ila niseme ukweli. Mkungu huu wetu wa barabarani, ule watoto wanagonga kungu kwa jiwe, majani yake makavu yaliyodondoka yenyewe ya rangi ya kahawia, wafugaji wa samaki wa Asia wanayatumia miaka mingi. Nikaweka matano kwenye lile tangi la maji ya kisima, pH haikutikisika hata kidogo, maji tu yakawa rangi ya chai ya rangi. Yana asidi ndogo sana haiwezi kupambana na KH 14. Ila kwenye maji malaini yanafanya kazi, nakuja hapo.

Kitu nilichotakiwa kununua siku ya kwanza ni kipimo cha KH. Mi natumia cha kampuni ya API, cha matone, unachota mililita 5 za maji kwenye kitubu unadondosha tone moja moja unahesabu, mwanzo bluu, likigeuka njano idadi ya matone ndo KH yako. Hamna utaalamu wowote. Ya kwangu ya kisima nilihesabu kumi na nne mkono ukachoka, ya mvua tone la kwanza tu njano. Nilikinunua elfu 35 na kimeniokolea hela nyingi kuliko hiyo. Nyota tano, na naona ni aibu duka linauza asidi halafu hili haliuzi, ni sawa na duka la dawa linauza vidonge vya presha bila kujua presha ni nini.

Na dawa yenyewe niliyobaki nayo ni mvua. Bure. Nimeunga gata kwenye simtank ndogo pembeni, mvua ya kwanza naiacha iende maana inaosha vumbi na kinyesi cha kunguru kwenye bati, inayofuata nakinga. Nikichanganya nusu kwa nusu na ya kisima KH inakuwa 7, nikitaka laini zaidi mvua ndoo tatu kisima ndoo moja inakuja 3 au 4. Hapo sasa nikaweka yale majani ya mkungu na pH ikatoka 7.6 ikaja 7.1 ndani ya wiki mbili, ikakaa hapohapo, haipandi haishuki, siongezi kitu. Shida ni kiangazi, Januari na Februari simtank inaisha na ndo hapo nachanganya na ya boza. Usitumie ya mvua tupu, kibubu kitupu tena.

Ila na hilo nalifanya kwasababu nataka enjeli wangu watage na mayai yaanguliwe, siyo kwamba bila hivyo wanakufa. Enjeli wengi wanaouzwa wamezaliwa kwenye matangi ya wafugaji, huo mto Amazoni hawajauona kama mimi. Yule mmoja aliyebaki aliishi kwenye 8.0 ya kisima miezi miwili bila tatizo. Na kama unaishi na maji kama yangu na hutaki kazi, chukua wale samaki wa Kigoma, wa ziwa Tanganyika, wao kwao pH inafika 9, maji yetu magumu ni nyumbani kwao kabisa na makombe waachie ndani, kuna aina wanaishi humohumo kwenye makombe ya konokono. Mi mwenyewe tangi la pili nimeweka hao, sijawahi kupima pH tena kule.

Mtu ataniuliza kichupa nilikipeleka wapi. Kipo. Kile cha pili kimebaki karibu nusu, nakiweka juu ya kabati mbali na watoto, tangi likiwa tupu naloweka kitambaa kidogo nafutia ule mstari mweupe wa chokaa unaoganda kwenye kioo pale maji yanapoishia, halafu nasuuza. Unatoka wote, kioo kinang'aa.